Mfalme wa Shingoni

Kiema hakutulia tangu aliposikia kwamba kule Mua kuna mjane mwenye medali ya dhahabu ya kutawazwa kwa mfalme. Za shaba na za fedha alikuwa nazo, zimejaa kabati la duka lake la vyuma mjini Machakos. Ya dhahabu hakuwahi hata kuishika. Kanisani alifumba macho asali, akaona dhahabu.

Sasa alikuwa ameketi kwa huyo mjane, Mbithe, chai mkononi, goti likimchezacheza.

Mbithe alivuta rozari kutoka shingoni. Karibu na msalaba ilining'inia medali.

"Marehemu mume wangu alimpikia mzungu hapa Mua. Mzungu alipohama, akamwachia hii Medali ya Mfalme. Kila asubuhi namwomba Kristo Mfalme, kisha naibusu."

Kiema aliigeuza. Dhahabu kweli. Kichwa chenye taji, mwaka 1937.

"Mwaitu, mama yangu, nikikuletea medali mpya ya Kristo Mfalme, iliyobarikiwa na padri, tubadilishane?"

"Kwani hii ina kasoro gani, mwanangu? Hebu nisomee maandishi yake. Mimi sikusoma."

Angeweza kusema lolote. Alijaribu kusali kimoyomoyo, lakini alichojikuta akiomba ni uongo mzuri. Akaona haya.

"Mwaitu, huyu si Yesu. Ni mfalme wa Waingereza, siku aliyovishwa taji."

Nzisa, mke wa mwana wa Mbithe, alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Akaangua kicheko. "Kumbe miaka yote unambusu mzungu!"

"Nyamaza wewe. Hata mume wangu hakubusiwa hivyo," alisema Mbithe, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Kiema alisogea ukingoni mwa kiti. Sasa Mbithe ataivua.

"Bado yuko hai?" Mbithe aliuliza.

"Alikufa zamani sana."

"Watu wake wanamwombea?"

"Sijui, mwaitu. Ni mbali huko."

"Basi nitamwombea mimi. Mtu amekaa shingoni mwangu miaka hii yote, nimtupe leo?" Akairudisha medali ndani ya blauzi.

Kanisa la Kiema haliwaombei wafu, na alitamani sana kulisema hilo. Badala yake akauliza, "Na ukimaliza kumwombea?"

"Kwani hilo huisha? Kunywa chai, inapoa."