Landrova ya Gozbert na Jiwe la Konani

Bartholomayo alikuwa amedharau watu wengi katika maisha yake, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Aliwadharau madereva wanaoosha gari kila siku wasifungue boneti hata mara moja kwa mwaka. Aliwadharau mafundi wanaoanza na nyundo. Alimdharau hata mwenye nyumba wake, aliyeuza ng'ombe akanunua televisheni kabla ya kuvuta umeme. Lakini alipokuja Danstan wa marehemu Gozbert, dharau zote za nyuma zilionekana mazoezi tu.

"Fundi," Danstan alisema, amesimama mlangoni pa gereji pale Ngara mjini, miwani ya jua ameipandisha juu ya paji la uso kama macho ya akiba. "Nina Landrova ya mzee kule Murusagamba. Nataka itembee."

"Marahaba," Bartholomayo alisema.

Danstan hakutambua kwamba amejibiwa salamu ambayo hakuitoa. Aliendelea kueleza gari, na Bartholomayo akamwacha aeleze, ingawa gari lile alilijua kuliko mikono yake mwenyewe. Lilikuwa pikapu la mwaka sabini na tatu, la kijani, ambalo Gozbert alilinunua kwa mchimba visima aliyekuwa anarudi kwao. Kwa miaka karibu ishirini halikuwapo gari jingine lililopanda kilima chao. Bartholomayo alikuwa utingo wake miaka sita, kabla miguu haijaanza kumwasha na kumpeleka Biharamulo, Geita, Kahama, Bujumbura, na kwingine ambako hata leo hajui alifuata nini. Alirudi Ngara na mashine moja ya kuchomelea na magoti mabovu.

"Na kwa nini sasa?" akauliza. "Hilo gari limelala tangu wakati wa wakimbizi."

Hapo ndipo Danstan alipotoa la moyoni. Gozbert alikuwa anakaribia kutimiza mwaka kaburini. Siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo wangekaa, na mjane, Bibi Jovina, angetoa sandukuni koti la marehemu amvike mrithi. Atakayevikwa koti ndiye angeachiwa kibanja: nyumba, migomba inayoizunguka, na kaburi. Danstan alikitaka kibanja kile. Hakuwa amelala nyumbani kwa miaka tisa, na kwenye mazishi ya baba yake aliondoka kabla masufuria hayajaoshwa. Lakini alikuwa amesikia kwamba lami itapita chini ya kilima, na kichwani mwake migomba ilikwisha kung'olewa na nyumba ya wageni imesimama.

"Mama ana masharti yake," alisema, akicheka. "Anasema kitu alichokipenda baba sisi tumewaachia kuku. Siku atakaposikia gari la baba likipanda kilima, siku hiyo atafungua sanduku."

"Alisema atakaposikia?"

"Haoni, mzee. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ulitaka aseme nini?"

Habari ya kuku ilikuwa kweli. Walipokwenda kuichukua Landrova, Anneth, dadake Danstan aliyebaki nyumbani akilima na kumtunza mama, alitoa ndani ya kabini kuku kumi na mmoja, mmoja mmoja, bila kumtazama kaka yake. Bodi lilikuwa zima, maana lilikuwa la aluminiamu. Chasisi ilikuwa ya chuma, na chuma na mbolea ya kuku havijawahi kupatana. Bartholomayo aliigusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Lakini alipochomeka handeli mbele na kuisukuma injini kwa nguvu zote, injini ilizunguka. Kwa kukoroma, kwa kununa, lakini ilizunguka.

"Ipo hai," alisema. "Ringi za pistoni na nozeli, nipe miezi miwili. Chasisi nitaiunga."

"Hiyo tupa. Nimepata chasisi ya Toyota kule Biharamulo, pikapu la juzi juzi tu, liligonga ng'ombe. Injini yake, gia boksi yake, breki zake, kiyoyozi chake. Wewe unachukua nguo za mzee unaivalisha Toyota. Wenzetu wanafanya hivyo, ngoja nikuonyeshe."

Akamwonyesha kwenye simu. Wanaume wenye ndevu zilizochanwa walikuwa wanapapasa magari ya kizamani yanayong'aa kama meno ya bandia. Bartholomayo alitazama video tatu hadi mwisho. Katika zote tatu hakuona gari lililobeba hata gunia moja la maharage.

Kazi aliifanya, na aliifanya vizuri, maana kumdharau mwenye gari si sababu ya kulidharau gari. Chasisi ya Toyota ilizidi urefu kwa shubiri moja na vidole vinne. Aliikata, akatoa kipande, akaiunga na kuivika mabamba ndani na nje. Alitengeneza mabano mapya ya kubeba kabini, akayawekea raba alizozichonga kwenye tairi la lori. Clever, mchomeleaji aliyekuja na ile chasisi kutoka Biharamulo, alipima kila kitu kwa kifaa kinachotoa mwali mwekundu. Bartholomayo alipima kwa kamba yenye mafundo. Walipopishana walirudia, na mara mbili kamba ilishinda. Mara ya tatu kifaa kilishinda, na Bartholomayo hakumsemesha Clever hadi kesho yake saa sita.

Danstan yeye alikuja kila Jumamosi kuharibu. Alileta viti vya ngozi kutoka Mwanza. Alileta rimu za kumetameta. Aliagiza rangi ya kijani ambayo hata nzi angeteleza juu yake. Akataka mlango unyooshwe, usibaki na alama hata moja, na Bartholomayo akaziba hadi ule mkwaruzo mrefu wa mwaka themanini na moja, walipokuwa wanapakia kitanda cha bibi harusi wa Nyakisasa na mguu wa kitanda ukamponyoka yeye mwenyewe. Injini ya zamani iliondoka na wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, kama kitimoto.

Siku ya kuwasha, gari lilisimama katikati ya gereji likinong'ona.

"Unasikia hiyo?" Danstan alisema, uso umemkunjuka.

"Sisikii," Bartholomayo alisema. "Na mama yako hatasikia."

Uso ukajikunja tena. Danstan alizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni, kisha akamgeukia Clever. Jioni ile ile Clever alikuwa amefunga spika mbili kubwa chini ya boneti, na Danstan ametafuta mtandaoni mlio wa Landrova ya zamani ikipanda mlima huko Ulaya. Alipobonyeza simu, mabati ya gereji yalitetemeka. Jambo lililomuudhi Bartholomayo ni kwamba mlio ulikuwa wa kweli. Ilikuwa injini ya aina ile ile, na kifua kile kile kibovu.

"Haya, fundi, sema," Danstan alisema. "Kuna kinachokosekana?"

Kilikuwapo, na Bartholomayo alikijua, maana kwa miaka sita ndicho kilichokuwa kazi yake. Alimtazama mtu huyu mzima, mwenye miaka hamsini kasoro, ambaye alikuwa anakwenda kumchezea mama yake kipofu sinema.

"Wewe ndiye mtoto wa mwenye gari," alimjibu. "Mimi nilikuwa utingo tu."

Siku ya kuondoa matanga Danstan alimwambia apande nyuma, suruali yake ya gereji isije ikagusa viti vya ngozi. Bartholomayo akapanda, akakaa pale pale alipokuwa anakaa zamani. Walipofika chini ya kilima, Danstan akabonyeza simu. Landrova ikaanza kunguruma. Mbuzi walikata kamba. Wanawake waliokuwa kwenye maharage walinyoosha migongo, na mzee mmoja akavua kofia.

Nusu ya kilima ilikuwapo kona yenye mikaratusi. Jiwe lilikuwa bado pale, kwenye majani ya ukingoni, kubwa kama kichwa cha mbuzi, limelika upande mmoja. Rejeta ya Gozbert ilikuwa inavuja tangu siku aliyolinunua gari, na hakuna safari hata moja ambayo lilipita kona ile bila kuchemka. Gozbert alikuwa anazima. Bartholomayo alikuwa anaruka, anasukuma jiwe nyuma ya tairi, anakimbia chemchemini na debe, na Gozbert anavuta sigara moja, hadi mwisho, bila haraka. Huko juu uani Jovina alikuwa anausikia ule ukimya, na ukimya huo ndio uliomwambia aweke maji ya ugali jikoni. Maji yakichemka, mumewe amefika.

Bartholomayo aliinua mkono agonge paa la kabini mara mbili, kama zamani. Mkono ukabaki hewani. Gari likapita kona likinguruma, halikupunguza hata pumzi.

Uani wazee walisimama. Mzee Fideli, mdogo wake Gozbert, aliyekuwa msemaji wa siku ile, aliweka chini kibuyu cha pombe ya ndizi na kusema, "Kaka amerudi." Anneth alikuwa nyuma ya kiti cha mama yake. Bibi Jovina peke yake hakusimama. Sanduku lilikuwa miguuni pake na ufunguo ulining'inia shingoni pamoja na rozari.

Danstan alizima gari, akashuka, akauzungusha ufunguo wa gari kwenye kidole.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Konani halikusimama."

"Lisimame la nini? Nimeliimarisha. Sasa linapanda kama mbuzi."

"Bartholomayo yupo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Jiwe uliliweka?"

"Sikuliweka, mama. Liko pale pale konani."

"Na maji?"

"Hatukutia."

Bibi Jovina alielekeza sikio kwenye gari. "Danstan, wewe uko wapi?"

"Niko hapa mbele yako, mama."

"Na ufunguo wa gari?"

"Ninao mkononi."

"Basi kinacholia ni nini?"

Wazee wakautazama ufunguo. Kisha wakalitazama gari, ambalo lilikuwa limezimwa, limesimama, na huku bado linanguruma likipanda mlima. Danstan alikimbilia kabini, akainama juu ya viti vya ngozi akitafuta simu, asiione. Mlima wa Ulaya ukafika kileleni, mlio ukakatika, na badala yake ikatoka sauti ya Mzungu, nene na yenye furaha, ikisema maneno marefu ambayo hakuna aliyeyaelewa.

"Mkaribisheni mgeni," Bibi Jovina alisema.

Mzee Fideli alikiinua kibuyu haraka akaficha uso ndani yake, lakini mabega yalimsaliti.

Danstan aliipata simu, akarudi jasho likimtoka. "Wazee, hiyo ni sauti tu. Gari ni la baba. Bodi ni lile lile. Mama, njoo ulishike."

Anneth akamwongoza. Bibi Jovina aliweka kiganja kwenye mlango, akakipitisha polepole, akafika mahali fulani, akarudi, akapapasa tena.

"Hapa palikuwa na mkwaruzo wa kitanda."

"Niliuziba, mama," Bartholomayo alisema. Ilimtoka kwa sauti ndogo kuliko alivyotaka. Miezi mitatu alikuwa amewadharau wote, na kumbe neno moja, jiwe, lilikuwa mdomoni mwake muda wote. Hakulisema kwa sababu alitaka kuja kuona. Basi alikuwa amekuja, na alikuwa ameona. Hata yeye mwenyewe hakujipenda.

"Umemvua baba yako nguo," Bibi Jovina alimwambia Danstan, "ukamvalisha mtu nisiyemjua, ukamleta hadi mlangoni kwangu na kumfundisha kukohoa kama marehemu."

"Mama, nimetumia miezi mitatu."

"Kuku wangu nao wamelala jikoni miezi mitatu."

Alirudi kwenye kiti, akainama, akafungua sanduku. Koti lilikuwa la kaki, zito, limetoboka kiwiko, na lilinuka sigara. Danstan alisogea hatua moja, akafunga kishikizo cha shati. Bibi Jovina alikung'uta koti mara mbili.

"Anneth, vaa hili. Jua linashuka, kuna baridi. Nenda ukawaingize kuku."

Mzee Fideli alifungua kinywa. Akamtazama Danstan, akatazama simu iliyokuwa mkononi mwa Danstan, akakifunga. Wazee wengine wakakaa. Mmoja akaomba kibuyu.

Koti lilimfika Anneth magotini. Alikunja mikono ya koti mara mbili, akazunguka nyuma ya jiko akiwaita kuku, nao wakaja, wakapita katikati ya miguu ya wazee. Mlango wa Landrova ulikuwa bado wazi. Kuku wa kwanza aliruka kwenye kikanyagio, akatazama ndani kwa jicho moja, kisha kwa la pili, akapanda kwenye kiti cha ngozi na kuanza kukichakura. Wa pili akafuata.

Danstan alimtazama Bartholomayo, kama vile kumfukuza kuku ni kazi ya utingo.

Bartholomayo alikuwa amekwisha kaa, na kibuyu kilikuwa kimemfikia.