Mkalimani Namba Mia Nne na Saba

Jedidah alimdaka Siham mbele ya duka la mboga pale Ealing Road, Wembley, akamkumbatia na mifuko yake yote, mabamia yakambonda kifuani.

"Wewe mama, asante ya jana! Ulinibeba! Daktari anaongea mbio kama amechelewa basi, lakini wewe ulimpanga, ukamwambia mzee pole pole mpaka akaelewa."

"Jana ipi?"

"Jana Jumanne! Hospitali, Mzee Shaame na goti lake. Acha kunizungusha, si tulikuweka kwa spika?"

Siham akacheka, maana Jedidah na mzaha ni chanda na pete. Jedidah kazi yake ni kulea wazee: awaamshe, awaogeshe, awapeleke kliniki, na Mzee Shaame, Mpemba mwenye kofia yake ya viua, alikuwa zamu yake ya Jumanne. Hilo kweli. Lakini Siham hakuwa na kazi tangu Machi, na sasa ni Juni. Tena si kwamba kazi zilipungua. Hakuna hata moja! Miaka tisa alikuwa mkalimani wa simu, wa kujiajiri mwenyewe. Anakaa jikoni kwake, hedifoni kichwani, uji unatokota pembeni, anawatafsiria Waswahili kwa madaktari na madaktari kwa Waswahili. Halafu simu zikakauka ghafla, kama bomba lililofungwa na mtu huko juu.

"Jedidah, wallahi sikuwa mimi."

"Ati? Sauti yako siijui mimi? Na ile 'pole' yako?" Kisha Jedidah akashusha sauti. "Ila mzee alikasirika kidogo. Alikuuliza, 'Siham, binti yangu, hujambo? Mamako Mombasa hajambo?' Ukamjibu, 'Tafadhali tuendelee.' Basi njia nzima analalamika, London imemharibu mtoto wa watu."

Hapo ndipo vinyweleo vilipomsimama Siham. Sauti hufanana, sawa. Lakini mzee akusalimu, umpite kama nguzo ya taa? Siham hata umwamshe usingizini angeitika.

Akaondoka bila kununua kitu. Njiani, kati ya duka la sari na duka la simu, ndipo akakumbuka. Kile chumba.

Miaka miwili nyuma kampuni iliyokuwa ikimpa kazi ilimwita kwenye kichumba chenye kuta za sponji, dirisha hakuna. Siku mbili nzima alisoma sentensi mbele ya maiki. "Ni za mafunzo," aliambiwa. Akasaini karatasi kurasa kumi na moja bila kuzisoma, maana mtoto alikuwa anatoka shule saa tisa na nusu. Na alisoma vile wakalimani wanavyofundishwa kusema. Mkalimani hasemi "huyu anasema anaumwa." Anasema "mimi naumwa." Mimi sina pa kulala. Mimi mume wangu kanifungia nje. Mimi mwanangu hapumui. Kwa miaka tisa Siham alikuwa kila mtu isipokuwa Siham, na kote huko alikuwa na kosa moja tu ambalo wakubwa walimgombeza mpaka wakachoka: "pole." Mteja akitaja msiba, yeye lazima amwambie pole, ingawa daktari hakusema pole. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Lakini jamani, mtu akwambie kafiwa, unyamaze? Basi hata kwenye kile chumba, kila sentensi ya maumivu ilipoisha, pole ilimtoka yenyewe.

Usiku huo hakuiwaza tena kampuni. Aliwaza tu kwamba mahali fulani, ndani ya mashine, yuko kazini, sasa hivi, na hapumziki.

Kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuwa na miadi kwenye ofisi ya ajira. Na hapo ndipo nyumba yake ilipokuwa inaning'inia. Kwanza aliomba ile posho ya waliopoteza kazi, wakamjibu kwamba michango aliyolipa kama mtu aliyejiajiri haihesabiki kwa posho hiyo. Miaka tisa, bure! Ikabaki Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Nayo ina mtego wake: afisa akiamua biashara yako bado iko hai, wanakuhesabia kila mwezi kana kwamba umepata mshahara wa mtu wa kazi ya siku nzima, hata kama hukupata senti, halafu wanakata msaada kwa hesabu hiyo. Yaani wanakuumbia mwanamke wa karatasi. Anaamka, anaenda kazini, analipwa, ila mshahara wake hauletwi nyumbani. Na mwenye nyumba alishaandika barua ya pili.

Afisa mwenyewe anaitwa Imran, kijana wa Stanmore, ndevu zimechongwa kwa rula, mpole. Alipousikia mdomo wa Siham ukisema "Good morning," akakunja uso kama mtu aliyenusa chakula cha zamani.

"Kwa hiyo biashara imekufa?" akauliza, kwa Kiingereza chake cha ofisi.

"Imekufa tangu Machi."

"Mbona Jumatatu tumeongea mimi na wewe?"

Siham akahisi kiti kinazama.

"Hapa hapa," Imran akaendelea. "Nilikuwa na mteja wa Kiswahili, nikapiga laini ya wakalimani. Akaitika mkalimani namba mia nne na saba. Mteja akasema amefiwa, ukamwambia 'pole.' Bibi yangu alizaliwa Kisumu. Kiswahili chote alichotuachia ni 'pole' na 'kachumbari.' Sauti ile nilikwenda nayo nyumbani." Vidole vikaanza kugonga kibodi. "Kuficha kazi ni jambo zito, bibie. Inabidi niandike ulichokuwa ukifanya."

Angesema nini? Kwamba kuna mwingine? Kwamba amevaa koo lake? Siham alijitazama mikono, ikawa kama ya mgeni. Akasema neno moja.

"Piga."

"Nini?"

"Ipige hiyo laini. Sema unataka Mswahili. Mimi nimekaa mbele yako."

Imran akasita, akamtazama mlinzi mlangoni, kisha akapiga, akaweka spika. Siham akaziba mdomo kwa kiganja. Simu ikalia mara mbili.

"Hello, interpreter four-zero-seven. Habari, mimi ndiye mkalimani wako."

Ilikuwa yeye. Mpaka ule mkwaruzo mdogo kabla ya "mkalimani," wa mafua aliyokuwa nayo kwenye kile chumba. Mafua yalipona zamani, lakini yule bado anaumwa.

Imran akatazama simu, akatazama kiganja, akatazama simu. Ndevu zote zile, uso ukawa wa mtoto.

"Mwambie kitu," akanong'ona.

Siham akaondoa mkono. "Hujambo?" Lilimtoka tu, kama adabu.

"Tafadhali tuendelee."

"Wewe binti wa nani?"

"Whose daughter are you?" sauti ikamgeukia Imran, na Imran, maskini, akaanza kujibu: "Mimi? Wa—" akajikamata.

Siham akasogea karibu na simu, kama anavyosogea mtu kwenye kisima kisicho na mfuniko. Akasema pole pole, kwa Kiswahili, asikosewe:

"Sina kazi tangu Machi. Nina mtoto, nina nyumba ya kupanga. Aliyechukua kazi yangu ni wewe."

Na sauti yake, yenye mafua yake, ikamwambia Imran kwa Kiingereza safi kuliko ambavyo angeweza mwenyewe asubuhi ile: mimi sina kazi tangu Machi, nina mtoto, nina nyumba ya kupanga. Aliyechukua kazi yangu ni wewe. Imran akarudisha kiti nyuma, magurudumu yakalia.

Halafu simu ikashusha sauti, ikamwambia Siham peke yake:

"Pole."

Neno hilo Imran alilijua. Akafuta alichoandika, herufi moja moja, akaandika upya, akisoma kwa sauti ili Siham naye asikie: hana biashara tena. Msaada wake usikatwe kwa mapato ya kudhaniwa. Atafute kazi kama wengine wasio na kazi. Akabonyeza. Siham akaona imeingia kweli, akapumua mpaka tumboni.

Alikuwa anavaa koti ndipo simu iliposema, "Bado nipo. Mimi nasubiri." Walisahau kuikata.

Imran hakuigusa. Siham akaenda mpaka mlangoni. Lakini ndiyo hivyo, hajawahi kumwacha mtu bila kumuaga. Akageuka.

"Haya, kwaheri."

"All right, goodbye," sauti yake ikamwambia Imran.

"Goodbye," Imran akajibu, macho mezani. Siham hakujua anayeagwa ni yeye au ni ile sauti.