Kiapo cha Mtani

"Huyu ni raia mwema, afande," Anselmo alisema, na hapo ndipo moyo uliponidondoka. Mngoni huyu, mtani wangu tangu ujana, hajawahi kulitaja jina langu bila kulipambia tusi. Leo kavaa koti la kuazima, limembana makwapa, ananisifu mbele ya kapteni. Nikajua nimekwisha.

Mie ni Nassibu, Mngindo, seremala wa Chang'ombe. Wangoni waliwapiga babu zetu, babu zetu wakawapiga chenga porini, wajukuu tukabaki na haki ya kutukanana mpaka kaburini. Basi alipofariki mama yangu, Anselmo alitimiza wajibu wake: alilishika jeneza, akagoma lisitoke uani.

"Msizike! Huyu mwanawe katumwa na Mreno! Humu mna mabomu!"

Wafiwa tulicheka huku machozi yakitutoka. Marehemu mwenyewe, haki ya Mungu, nilimsikia akiguna.

Ila barabarani alikuwa amesimama mgambo mgeni. Huyo hakucheka.

Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto kule mpakani. Mreno halikuwa jina la mchezo. Nikabebwa kwa gari la jeshi, nikafungiwa kambini, hakuna hakimu wala shauri. Tuhuma zikawa zinazaana kama panya: mabomu yakazaa redio ya siri, redio ikazaa manowari. Kufikia masika ya pili nilikwisha kuiuza bandari nzima, mie ambaye nikivuka maji kwa pantoni kwenda Kigamboni nafumba macho. Siku hizi nimestaafu, nawapigia watu chumvi kibarazani kutwa, hanifungi mtu. Wakati ule nilisema kweli tupu, na kadiri nilivyoisema ndivyo nilivyozidi kuoza.

Ndipo siku hiyo Anselmo akaja kunitolea ushahidi. Kapteni, kijana ambaye kwao hawajui watani, akamkazia macho.

"Msibani ulimwita msaliti. Leo raia mwema. Ulidanganya mbele ya maiti?"

"Sikudanganya, afande. Nilitania."

"Basi ulisema kweli."

"Hapana, afande."

"Si uongo, si kweli. Ni nini?"

"Ni mazishi, afande."

Nilitamani kujibamiza ukutani.

Kapteni akasukuma Biblia mezani. "Apa kwamba utani wako na mtu huyu umekwisha, mpaka kufa. Hapo nitaamini husemi naye kwa mafumbo, naye ataondoka."

"Usithubutu, Mngoni we!" nikamaka. "Bora nizeekee humu!"

Anselmo alinitazama: mifupa imenitoka, ndevu kama ufagio. Akaweka mkono juu ya kitabu.

Tukatoka langoni pamoja, tukashika njia kwa miguu. Nikamwanza.

"Babu yako alikimbia vita akajificha ndani ya mtungi wa pombe. Wenzake wakamnywa!"

Akakaza mwendo, macho mbele. Nikamwongezea la bibi yake, lile ambalo zamani lingemfanya anikimbize na kiatu mkononi. Mabega yakamtikisika. Akasimama, akakohoa kwa muda mrefu, akajipangusa macho kwa mkono wa lile koti.

"Jua kali leo," alisema, "Ndugu Nassibu."