Kichwa cha Treni cha Mzee Kiponda

Picha aliyotumiwa Muhidin kwenye simu haikuwa safi, lakini ilitosha kumtoa Malindi mjini mpaka Gongoni. Ilionyesha kichwa cha treni ya kuchezea, cha kizamani, chuma kitupu, rangi yake ya damu ya mzee imekwaruzika ubavuni. Muhidin alikuwa fundi wa redio na feni, na nyumbani kwake alikuwa na vichwa kadhaa vya namna hiyo, kila kimoja amekinunua kibovu akakitengeneza mwenyewe.

Aliyemtumia picha ni Pamela, binti wa Mzee Kiponda. Ujana wake wote mzee aliutumia katika kazi ya reli Mombasa, na kichwa hicho alipewa na mkubwa wake mmoja Mzungu alipokuwa akirudi kwao. Sasa kiharusi kilikuwa kimempiga. Mkono na mguu wa kulia havikuinuka tena, na maneno yote yalikuwa yamempotea. Pamela alikuwa akiifunga nyumba ili amhamishie baba yake kwake Kilifi, na vitu vingine akiviuza.

"Karibu, fundi. Nimekiweka chumbani kwa baba, ndiko kwenye mwanga," alisema, kisha akarudi jikoni kuutazama uji.

Mzee alikuwa ameegemezwa mito kando ya dirisha.

"Shikamoo, mzee."

Midomo ikacheza. Sauti haikutoka.

Muhidin alitandaza kitambaa mezani, akakilaza kichwa cha treni chali. Akayazungusha magurudumu kwa kidole, hayakuwa yamelika. Akanusa mota: mafuta yaliyokauka, si harufu ya kuungua. Akafungua skrubu ya chini, akasogeza bisibisi karibu na sumaku ya mota, na sumaku ikaidaka kwa nguvu. Hewa ya Gongoni ina chumvi inayokula hata bawaba za milango, lakini hapa hakuona kutu ya kutisha. Mtu alikuwa amekitunza.

Ndipo alipopitisha ukucha chini ya rangi, akahisi ufa. Ufa mwembamba kama unywele, na mwingine, na mwingine. Aliujua ugonjwa huo. Vyuma vingine vya zamani vilimiminwa vikiwa na mchanganyiko mbaya, navyo huvimba kutoka ndani mpaka vikamong'onyoka vyenyewe. Hakuna gundi wala uchomeleaji unaousaidia.

Hata hivyo akatoa mkobani kipande cha reli na transfoma ndogo, akakijaribu. Kichwa kikatikisika, kikaenda, kikarudi.

"A! A-a! Aa!"

Mzee alikuwa akilipiga godoro kwa mkono wa kushoto. Muhidin akazima. Kelele zikazidi. Akawasha tena, zikazidi vilevile. Pamela akaja mbio, mwiko mkononi.

"Baba, ni nini? Hutaki kiuzwe?"

"Aa!"

"Unataka kiuzwe?"

"Aa!"

"Kinakuumiza masikio? Unataka maji? Baba, nionyeshe basi!"

Mzee aliunyoosha mkono. Muhidin akamwekea kichwa cha treni kiganjani, na mzee akakisukuma mpaka kikamgusa Muhidin kifuani. Machozi yalikuwa yakimtiririka upande mmoja wa uso.

"Anakupa," Pamela alisema.

"Au ananionyesha kitu, dada. Hiki kina nyufa. Hakitengenezeki, kitakatika chenyewe. Labda yeye anajua."

"Chukua tu, kaka. Bei tutasema siku nyingine. Huenda akatulia."

Muhidin alikifunga kitambaani, akapanda bodaboda. Hawajafika mbali, wakipita kando ya mashamba ya chumvi, simu ikalia.

"Hajanyamaza," Pamela alisema, na nyuma ya sauti yake ile "a-a" ilisikika wazi. "Nilipokuwa jikoni, alisema chochote? Hata nusu neno?"

"Hakusema, dada. Wallahi hakusema."

"Mimi ndiye mwanawe wa kwanza, na sijui anataka nini."

"Nikirudishe?"

"Sijui, kaka. Sijui."

Muhidin akamwambia mwenye pikipiki ageuze.

Alimkuta mzee anahema, jasho likimtoka. Akakiweka kichwa cha treni juu ya shuka, karibu na mkono ulio hai. Mzee akakitazama. Akamtazama Muhidin, kisha binti yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesubiri wamalizie sentensi aliyoianza yeye. Pamela akataja kila jina alilolikumbuka: marehemu mama, ndugu zake, marafiki wa baba wa enzi za reli. Hakuna lililomtuliza. Mwisho sauti ilimwishia mzee, akafumba macho, na vidole vyake vikabaki vikikwaruza shuka kando ya chuma kile bila kukishika.

Muhidin alitaka kuaga, akashindwa kuinuka. Pamela alileta bakuli la uji, akakaa nalo mapajani mpaka ukapoa.