Ngoma Isiyo na Mwali

"Wigo wangu umepikia nini, Mama Pili? Nauliza tena. Nyama? Wali? Au ulikuwa unaota moto tu?"

Mama Fakihi alisimama katikati ya ua, kanga kaifunga kibwebwe, na asubuhi hiyo watu wa Mkunya walikuwa wamepata sababu ya kuchelewa shamba. Waliokuwa wanakwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho walitua mashine zao wakasogea. Ugomvi wa wanawake hawa wawili haukuwa kitu cha kila siku.

"Nimepikia wageni," mwenye ua, Veridiana, alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukwaruza.

"Wageni wa nini?"

"Wa ngoma."

"Ngoma ya nani? Mtaje mwali! Nimuone na mie nimtunze!"

Watu wakaangua kicheko. Jumamosi Veridiana alikuwa ameita watu waje kwenye ngoma ya kutoa mwali. Ngoma ya namna hiyo ikishatangazwa, hakuna anayeuliza maswali. Kila mtu anajitwika unga wake anakuja. Wapiga ngoma walitoka Mnyambe. Walimkuta Veridiana kavaa kitenge kipya, masufuria matatu yanachemka, kuni ni fito za wigo wa jirani, nyumba imejaa mpaka mlangoni. Ila ndani hakukuwa na msichana yeyote wa kutolewa. Mjukuu wake, Pendo, alishachezwa unyago zamani, na Jumamosi hiyo alikuwa shuleni kwake Masasi, hana habari. Wapiga ngoma walitazamana. Chakula kilikuwa kimeiva, wakaona bora wapige tu. Watu wakacheza sindimba, vumbi likapanda, na vijana wakarekodi kwenye simu.

"Nenda kapimwe kichwa!" Mama Fakihi alisema.

Kicheko kikakatika. Wanawake hawa walichezwa unyago pamoja, wakalala mkeka mmoja, wakafundwa na kungwi mmoja. Neno kama hilo mtu hamwambii mwenzi wake wa unyago, tena mbele ya watu. Mama Fakihi mwenyewe alionekana kulisikia likiwa limeshamtoka. Akaikaza kanga ambayo wala haikuwa imelegea, akaenda zake.

Wasichokijua wambea wote pale ni kwamba kwa Veridiana neno lenyewe halikuwa geni. Siku alipokwenda zahanati kupima presha, nesi Paulina alimuuliza kama kuna nyakati halali usingizi na wala hachoki, na nyakati nyingine kunyanyuka kitandani kunamshinda. Akajibu, tangu usichana wangu, mwanangu. Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, huo huenda ni ugonjwa. Unaitwa baipola. Hisia zinapanda, kisha zinashuka. Una dawa. Nenda hospitali ya mjini wakuangalie, umri si kitu." Veridiana alicheka, na kesho yake akampelekea nesi kuku.

Ugonjwa! Marehemu mumewe, Nikolao, alikuwa akiuita msimu. "Msimu wa mama umeingia," alikuwa akiwaambia majirani mmoja mmoja, kofia mkononi. "Akiwaita njooni, msimnyime. Ila masufuria yangu nirudishieni." Enzi zile nyumba yao haikujua kufungwa mlango. Mwaka waliofungua shamba jipya aliwaita watu wote, akapika, akaimba mbele yao tangu alfajiri, na shamba zima likapandwa mikorosho watu wakidhani wako harusini. Mpaka leo wapo wanaume wazima pale kijijini wanaosema hawajawahi kula mabibo matamu kama ya shamba la Mama Pili.

Kisha msimu ulikuwa ukigeuka. Korosho zilianguka zikabaki chini, na yeye kageukia ukuta. Nikolao aliziokota peke yake, na jioni alikaa pembeni ya kitanda akibangua korosho za kuchoma, akizitia moja moja kwenye kiganja chake hata kama hazili. Hakuwahi kumuuliza una nini.

Tangu Nikolao afariki, hakuna wa kumtangulia kwa majirani. Badala yake Jumapili simu ililia, bintiye Pili akiwa Masasi: "Mama, nimekuona kwenye simu ya bosi wangu. Unacheza peke yako kama kichaa. Mama, kwa nini?"

Asubuhi ile ya ugomvi, alipobaki peke yake uani, alivaa viatu vya kanisani, akasimamisha bodaboda. Nauli ilikuwa imepanda tena. "Mafuta, mama. Si mimi," dereva alisema, na Veridiana, ambaye wiki iliyopita angemcheka na kumuuliza habari za kwao mpaka wafike mjini, safari hii alihesabu pesa, akapanda.

Kwenye dirisha la hospitali karani hakuinua macho.

"Tatizo?"

Veridiana aliinama. "Kichwa."

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Sasa? Ni akili? Sema kwa sauti mama, watu wengi. Akili?"

Benchi zima likageuka. Twahiru, mpima mizani wa chama cha ushirika cha kijijini kwao, alikuwa amekaa pale na mtoto mapajani. "Shikamoo, Mama Pili," alisema taratibu mno, kama anayesalimia kwenye msiba.

"Marahaba, baba." Kisha akamgeukia karani, na sauti yake ikatoka nzima kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ndiyo. Akili. Andika."

"Barua ya rufaa ya zahanati iko wapi?"

"Sina. Na siondoki."

Alikaa mpaka jua likavuka utosi. Tabibu alikuwa kijana aliyejitambulisha kwa jina la Kelvin, chumba chake nusu kimejaa maboksi ya vyandarua, mlango hauna kitasa. Kila dakika mtu alichungulia kuuliza ang'olewe wapi jino. Aliuliza, akasikiliza, akaandika. Mwisho akasema, "Sitaki kukupa jina la ugonjwa kwa kubahatisha, mama. Nahitaji mtu aliyekuona miaka yote, ukiwa juu na ukiwa chini. Mumeo?"

"Amefariki."

"Mtoto?"

"Yuko mbali. Na ana aibu."

"Tafuta mtu, njoo naye Alhamisi. Dawa ziko za aina mbili. Moja kwa sasa hatuna, utainunua dukani. Na moja inataka kupima damu, mashine ya hapa imekufa, itabidi uende Mtwara." Aliyasema akiangalia meza, kama anayeomba radhi kwa niaba ya wakubwa ambao hawajawahi kukaa kwenye kile chumba.

Veridiana hakunyanyuka. "Na ile miaka yangu mizuri? Ukishaipa jina, ile miaka yote itakuwa ni ugonjwa?"

"Miaka ipi?"

Akamsimulia la shamba. Nyimbo, vyungu, watu. Kelvin alisahau kuandika.

"Dawa haziendi nyuma, mama," alisema baadaye. "Zinaenda mbele tu. Huko nyuma sina ruhusa ya kugusa." Mlango ukasukumwa, mwingine akaingia.

Aliporudi Mkunya jua lilikuwa linazama upande wa bonde la Ruvuma. Angeweza kwenda kulala. Kitanda kilikuwa kinamvuta. Aliujua mvuto ule, ungemlaza kageukia ukuta mpaka korosho ziive. Alhamisi ingepita, na nyingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaupita mlango wake, akaenda kubisha hodi kwa Mama Fakihi.

"Nani?"

"Mie, Mwanne." Alimwita mwenzake kwa jina la usichana. Mlango ukafunguliwa.

"Nimetoka kupimwa kichwa," Veridiana alisema. "Wanataka shahidi. Sina mwingine."

Mama Fakihi alishika fremu ya mlango. "Lile neno la asubuhi lilinitoka vibaya, mwenzangu. Na Jumamosi na mie nilicheza, ujue. Kuni zangu zinawaka, mie nakata kiuno. Nilivyocheza siku ile, tangu Nikolao azikwe sijacheza hivyo."

"Basi utakuja?"

"Nitakuja. Ila nitasema yote. Nitasema ulivyolala mpaka tukakulisha kwa kijiko, na nitasema ulivyotufanya tupande shamba zima bila kulihisi jua. Wakitaka mabaya peke yake, wamtafute mwingine."

Veridiana aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Umekula?"

"Sina njaa."

Mama Fakihi alimtazama kwa makini, kama anayetazama mawingu kabla ya kuanika muhogo. "Unaona? Ukianza kukataa chakula najua kinachofuata. Safari hii sikuachii." Akamshika mkono. "Vua viatu. Ming'oko niliyochimba porini imeshachemka, na pilipili ipo. Karibu ndani ule."