Lo'a Kwenye Friji

Meshack alikuwa fundi wa friji mjini Mbulu, mtu wa Kongwa aliyeletwa huku na kazi akanogewa. Kiiraqw chake, lugha ya wenyeji, kiliishia kwenye salamu, na hizo nazo alizitamka hovyo, watu wakacheka. Lakini mkono wake ulikuwa safi, na kwa fundi hilo ndilo la kwanza.

Mwezi wa saba, mwaka ule wa sensa, alipanda kijiji cha Tlawi kwa mwalimu Evelyne. Evelyne alikuwa na kisukari tangu chuoni, bila insulini hamalizi wiki. Na dawa hiyo ina madeko: joto linaiharibu taratibu, ikiganda barafu ndiyo basi tena, na ukiitazama kwenye chupa wala hujui. Msimu uliopita chupa mbili zilimgandia kwenye friji, nusura zimponze. Ndiyo maana Meshack alimletea kidude cheupe, kidogo kama kiberiti, cha kukaa ndani ya friji karibu na dawa, pamoja na kisanduku chenye kioo cha kutundika ukutani jikoni. Vinasemezana bila waya. Nyuzijoto zikishuka chini ya mbili au kupita nane, kisanduku kinalia. Kile kidude akakiita sensa. Mama yake Evelyne, Bibi Filomena, aliyekuwa anapepeta ngano mlangoni, akauliza kwa upole kama serikali imeamua kuhesabu na maziwa.

Meshack akacheka, akatundika, akajaribu. Akamweleza Evelyne haraka haraka, maana bodaboda ilikuwa inamsubiri nje: kikiandika HI joto limezidi, kikiandika LO limeshuka mno, kikilia sana betri zitaisha mapema, azibadilishe. Bibi hakuelezwa kitu. Nani anamweleza mama mzee habari za betri? Ndivyo tulivyo, tunazungumza na mwenye cheti na kumruka anayeshinda jikoni.

Meshack alikuwa na hamu yake pia. Gervasi, kaka yake Evelyne, alikuwa amemwahidi kwamba kifaa kikifaa hapo, nyumba nne za jirani zitakitaka, na muuguzi wa zahanati ameshauliza. Fundi mgeni anaishi kwa jina lake. Likichafuka Tlawi, limechafuka Mbulu nzima.

Wiki mbili baadaye Evelyne akaenda Babati kwenye semina ya siku nne, amebeba chupa moja ya dawa. Aliporudi umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na kisanduku kimezima. Akadhani ni ule umeme, akasema atampigia fundi. Dawa aliyokwenda nayo ilikuwa imekwisha, akatoa nyingine kwenye friji, akajichoma kama kawaida Jumamosi na Jumapili. Jumatatu akaanza kutapika. Jumanne walimshusha hospitali hajitambui.

Daktari alisema dawa imeharibika. Gervasi akampigia Meshack simu, na aliyomwambia ni bora yabaki kwenye simu.

Meshack alipanda Tlawi. Aliogopa kwa ajili ya Evelyne, na tusimtakase, alijiogopea na yeye. Gervasi alikuwa amesimama uani na majirani wawili, hakuitikia salamu, akamwonyesha tu mlango wa jikoni. Ndani alikuwemo Bibi peke yake. Meshack akatia betri mpya, kisanduku kikawaka. Kina kumbukumbu kile. Akabonyeza: nyuzi nne chini ya sifuri, siku tatu mfululizo. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi yake na kulia mpaka betri zikaisha. Furaha ikampanda, ya kuionea haya baadaye, kwa kuwa jina lake limepona. Akafungua friji. Kitufe cha baridi kilikuwa kimezungushwa mpaka namba saba, mwisho kabisa.

"Mama," akauliza, "kilipolia ulifanyaje?"

Bibi akaeleza bila haraka, hata kwa fahari kidogo. Alijifunza kusoma ukubwani, darasa la ngumbaru, na herufi kubwa hazimshindi. Asubuhi Evelyne aliyoondoka kililia, akakisogelea, akasoma moja moja.

"Kiliandika L na O, mwanzo wa Lo'a," akasema. "Jua, kwa lugha yetu. Nikajua dawa ya mwanangu inaungua, nikaongeza baridi. Kikaandika tena Lo'a, nikaongeza tena. Siku tatu sikutoka hapa, baba. Hata shambani sikwenda, na Evelyne aliporudi sikutaka kumtia hofu."

Meshack akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Miaka sita Mbulu, na neno lile alikuwa amelisikia kila siku watu wakilitaja jua na Mungu wa wazee wao.

Gervasi akaingia, majirani nyuma yake. Akauliza mbele ya mama yake: kifaa kilikosa au hakikukosa? Sentensi moja tu ingemtoa Meshack akiwa msafi, na mama huyu angekwenda nayo kaburini. Akamtazama Bibi, akakumbuka ile bodaboda iliyokuwa inamsubiri.

"Kilikosa," akasema. "Na kosa ni langu."

Gervasi akamwambia akitoe, na asionekane tena Tlawi na takataka zake. Majirani wakaondoka bila kuaga, na zile nyumba nne zikaondoka nao. Meshack akarudisha kitufe kwenye tatu, akakibandika utepe, akamwomba Bibi asikiguse. Ukweli wote angempa Evelyne mwenyewe, hospitali, wakiwa wawili, kwa sababu friji ni ya kwake na maisha ni yake. Asubuhi hiyo alikuwa amefumbua macho na kuomba uji.

Bibi akamsindikiza mpaka njiani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alimwonea huruma kwelikweli.

"Pole, baba. Usijilaumu sana, kila mtu hukosea," akasema. "Mshukuru Mungu tu kwamba mimi nilikuwepo."