Ujumbe wa Kujifuta

Fundi cherehani na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Miaka minane walisalimiana kwa ncha ya ulimi. Lakini kaka yake fundi alipomvunja mkewe kidole, wifi hakuwa na mwingine wa kumwandikia. Akatoa sharti: ujumbe wao ujifute baada ya dakika tano, maana mume hukagua simu kila jioni.

"Ukishasoma, basi. Usihifadhi kitu."

"Unanifundisha simu mimi?" fundi alimjibu, na hakukuwa na shukrani upande wowote.

Sharti alilikubali. Kilichomponza ni kazi. Wateja wa nguo ni ndumilakuwili: leo kiuno thelathini na nne, kesho wanakuapia hawajasema. Ndiyo maana kila ujumbe wenye namba fundi huupiga picha palepale kwenye simu, bila hata kufikiri. Asubuhi hiyo ukaingia huu: "Wifi, nimekata tiketi. Gari saa 4, siti 12." Namba hizo. Kidole kikafanya mazoea yake.

Saa tatu na nusu kaka akaingia dukani na suruali mkononi, amevimba kwa hasira.

"Umeniharibia. Inanibana."

"Umenenepa, kaka."

"Mimi niliandika thelathini na sita!"

Fundi huyu angeweza kumsamehe mwizi, lakini si mtu wa kumwambia amekosea kipimo. Pepo la ubishi likampanda. Akafungua picha, akamsukumia simu.

"Soma mwenyewe! Mwongo nani?"

Kaka akasoma. Akatelezesha kidole, picha baada ya picha, akitafuta pa kubishia, mpaka akafika ya mwisho.

"Siti kumi na mbili," kaka alisema polepole. Akampigia mkewe. Haikupokelewa. Akageukia mlango.

Fundi alimtangulia. Alivuta geti la chuma, akabana kufuli kwa ndani, akaurusha ufunguo nje kupitia nondo, ukatumbukia mtaroni.

"Umerogwa? Fungua!"

"Kauokote."

"Mimi ni damu yako!"

"Ndiyo aibu yangu hiyo."

"Stendi ni dakika kumi tu kutoka hapa. Nitakuuliza mara moja. Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Hata ungekuwepo nisingekupa."

Kaka hakupiga kelele tena. Aliweka suruali juu ya cherehani, akaanza kukunja mikono ya shati, taratibu, kama mtu anayetaka kuosha vyombo. Wifi alikuwa amemwandikia jambo hilo mara nyingi: akikunja mikono, mimi hukimbilia chooni nikajifungia. Fundi aliusoma ujumbe huo kila mara akijiambia mwanamke huyu anatia chumvi.

Duka halikuwa na choo. Saa ya ukutani ilionyesha kuwa gari lingeondoka baada ya dakika ishirini na mbili.